Mji ukitaka watu wapande baiskeli: maneno ya fundi wa Katuba

Mimi ni fundi wa baiskeli hapa Katuba, Lubumbashi, Kongo, na hakuna meya aliyewahi kuniuliza kitu. Lakini gurudumu linaloletwa kwangu huwa limeshasema barabara ikoje, basi nitasema bila kuulizwa.

Kwanza, usihangaike kumtafuta mpanda baiskeli mpya. Waangalie walioko njiani tayari. Simama alfajiri kwenye barabara ya Kasenga au ya Likasi, utawaona watu wa makala, yaani wauza mkaa: magunia yamefungwa kwa mipira hadi juu ya kichwa, mwenyewe anasukuma tu kwa uzito. Nyuma yao wanakuja vibarua wa ujenzi na walinzi waliomaliza zamu ya usiku. Wahesabu asubuhi na jioni, kisha uandike ni wapi wanaiacha lami na kushuka vumbini. Hapo wanaposhuka ndipo pa kuanzia kazi. Mtu asikuambie habari ya milima. Mji wetu uko kwenye mita 1,200 hivi, lakini ni tambarare.

Pili, itenge njia ya baiskeli kwa ukingo wa zege. Mstari wa rangi ni zawadi kwa taksi-basi, wataegesha juu yake kabla haujakauka. Upana usipungue mita 2, ili mwanafunzi aweze kumpita mtu wa makala bila kutoka nje. Na iwe upande wa kulia kabisa, kati ya ukingo na mfereji. Hapa kwetu magari mengi yana usukani kulia ingawa tunaendesha kulia, kwa hiyo mlango wa abiria unafungukia katikati ya barabara. Leo anayelipita taksi-basi lililosimama anakutana na mlango huo kifuani. Akiwa na njia yake kulia, mlango utafunguka huko upande wa pili. Abiria nao watahitaji kituo chenye nafasi ya kuvukia, la sivyo watasimama humo humo kwenye njia ya baiskeli, nawajua.

Mifereji iliyo wazi ifunikwe. Pale penye vyuma vya kupitishia maji, nondo zake zikate njia, zisielekee inakoelekea baiskeli. Ni jambo dogo kabisa, na mchomeleaji yeyote analiweza bila kuongeza franka hata moja. Nondo zikielekea mbele, gurudumu la mbele linazama katikati yake, uma unapinda, na mtu anaruka juu ya usukani. Baiskeli za namna hiyo nazijua kwa macho kabla mwenyewe hajafungua kinywa.

Sokoni weka maegesho yenye mlinzi, kibao cha namba na bei ndogo. Watu wengi hawaogopi jua wala mvua, wanaogopa kutoka na nyanya mkononi na kukuta baiskeli haipo. Ila tafadhali, msinunue vile vyuma vinavyobana gurudumu la mbele peke yake. Baiskeli ikisukumwa kidogo, rimu inapinda. Bomba lililokunjwa, la kufungia fremu, linatosha.

Watu wa Bogotá, huko Kolombia, tangu 1974 wanafunga barabara siku ya Jumapili, magari yasipite, baiskeli zipite, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nane mchana. Leo barabara hizo zinazidi kilomita 120. Kinachohitajika ni vizuizi na watu wa kuvilinda. Sisi tungeanza na barabara ya Laurent-Désiré Kabila. Mama ambaye hajapanda tangu utoto atajaribu siku hiyo. Lakini Jumatatu asipokuta njia iliyotengwa, atarudi kwenye taksi-basi, na mimi simlaumu.

Mwisho ni ufagio. Kiangazi, kuanzia Mei, mchanga na misumari vinajikusanya nyuma ya ukingo wa zege, mahali ambapo hakuna gari la kuvipeperusha. Fedha za wafagiaji ziandikwe kwenye bajeti ile ile ya zege, siku ile ile. Mimi nitaishi tu, panchari hazikosi.