Umeachishwa kazi kwa uonevu? Una siku 30 tu: njia ya kwenda CMA, hatua kwa hatua

Somo hili ni la mfanyakazi wa sekta binafsi Tanzania Bara. Zanzibar wana sheria yao ya ajira, na mtumishi wa umma ana njia yake, nimeigusa huko chini kwenye maswali.

Nianze na jambo linaloniumiza. Watu wengi waliofukuzwa bila kosa wanashindwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) kabla shauri halijasikilizwa, kwa sababu tu walichelewa. Kanuni za mwaka 2007 zinataka mgogoro wa kuachishwa kazi upelekwe ndani ya siku 30 tangu siku ya kuachishwa, au siku mwajiri alipotoa uamuzi wake wa mwisho. Ni siku za kalenda, Jumamosi na Jumapili zimo. Madai mengine, kama mishahara isiyolipwa, yana siku 60.

Sasa angalia zinavyoliwa. Bosi anakwambia, "Tulia, njoo wiki ijayo tuyamalize." Unaenda, hayupo. Unapiga simu, anasema mhasibu amesafiri. Mwezi umekatika. Zungumza naye ukitaka, lakini fomu ya malalamiko iwe imeshaingia CMA.

Hatua ya 1: Usisaini usichokisoma

Siku ya kufukuzwa utaitwa kwa afisa utumishi, utaona karatasi mezani na kalamu juu yake. Soma mpaka chini kabisa. Mara nyingi ule mstari wa mwisho unasema: "Nimepokea stahiki zangu zote na sina dai lolote dhidi ya kampuni." Huo ndio wataupeleka CMA. Kama ni barua ya kuachishwa, ipokee na uandike "nimepokea" pamoja na tarehe. Kupokea barua si kukubali kosa. Kama ni ya malipo na kuna usichokubaliana nacho, kiandike palepale kwa mkono wako kabla ya kusaini. Wakikukatalia, usisaini.

Hatua ya 2: Kusanya ushahidi

Mkataba, hati za mshahara, taarifa ya benki, michango ya NSSF, barua za onyo, kitambulisho cha kazi, jumbe za simu. Usifute ujumbe wowote na usiuze hiyo simu. Andika pia majina ya wenzako walioona, na tarehe, kabla kumbukumbu haijachakaa.

Hatua ya 3: Jiulize walikosea wapi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awe na vitu viwili kwa pamoja: sababu halali na utaratibu wa haki. Akikosa kimoja, uachishaji huo si halali. Mimba si sababu. Kujiunga na chama cha wafanyakazi si sababu.

Kwenye utaratibu ndiko waajiri wengi wanakoanguka, kwa hiyo hapa tukae kidogo. Ukituhumiwa kwa kosa, kwanza kuwe na uchunguzi. Kisha upewe tuhuma kwa maandishi, kwa lugha unayoielewa, na muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48. Kwenye kikao cha nidhamu una haki ya kuwa na mwenzako wa kazini au kiongozi wa chama, kuhoji mashahidi wao na kuleta wako. Mwenyekiti asiwe yule aliyehusika na tuhuma zako. Uamuzi uje na sababu zake, nawe upewe nafasi ya kukata rufaa ndani ya kampuni. Ukiitwa saa tatu asubuhi na saa nne una barua ya kufukuzwa, hapo hapakuwa na kikao.

Kupunguzwa kazi nako kuna masharti yake: mwajiri atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane nanyi kuhusu nani atapunguzwa na kwa vigezo gani.

Hatua ya 4: Jaza fomu CMA F1

Unaipata ofisi yoyote ya CMA. Sehemu ya nyongeza inayohusu kuachishwa kazi tu ijaze yote: kwa nini sababu haikuwa halali, na utaratibu gani ulivunjwa. Wengi wanaiacha wazi, na mwajiri anawakamatia hapohapo. Andika unachotaka. Sheria inatambua kurudishwa kazini, kuajiriwa upya kwa masharti, au kulipwa fidia inayohesabiwa kwa miezi ya mshahara.

Stahiki zako nazo ziorodheshe: mshahara wa siku ulizofanya kazi, likizo ambayo hukuchukua, malipo badala ya notisi, nauli ya kurudi ulikoajiriwa kama walikutoa mbali, cheti cha utumishi, na kiinua mgongo. Hicho ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10, na hakihusiani na fedha zako za NSSF.

Nakala mpe mwajiri kwanza, naye asaini au agonge muhuri kwamba amepokea. Ndipo upeleke CMA pamoja na uthibitisho huo.

Hatua ya 5: Usuluhishi

Msuluhishi anawakalisha mezani muone kama mnaweza kumalizana. Muda wake kisheria ni siku 30, labda mkubaliane kuongeza. Yanayosemwa humo hayatatumika dhidi yako baadaye, kwa hiyo sema wazi unataka nini. Usikose siku hiyo, maana mlalamikaji asipofika shauri linaweza kufutwa. Na mkisaini makubaliano, yamekufunga. Kama kiasi kinakutia shaka, omba muda ukafikirie.

Hatua ya 6: Uamuzi

Mkishindwana, shauri linaenda kwa muamuzi. Hapa ni viapo, mashahidi na vielelezo. Mzigo wa kuthibitisha kwamba uliachishwa kihalali ni wa mwajiri, si wako. Tuzo, yaani uamuzi wa muamuzi, ikitoka na hujaridhika, una wiki 6 za kuomba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Ukishinda naye hataki kulipa, unaomba mahakama ikazie tuzo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, mimi niliambiwa tu kwa mdomo "usirudi kesho". Nina kesi kweli?

Unayo, ndugu yangu. Muandikie leo, hata kwa ujumbe wa simu: "Tarehe fulani uliniambia nisirudi kazini, naomba barua yenye sababu." Akijibu, huo ni ushahidi. Akinyamaza, nao ni ushahidi. Siku zako zihesabu tangu alipokutamkia.

Nina miezi minne tu kazini, nilikuwa kwenye majaribio.

Hapo sheria haikupi nguvu, dada. Kinga dhidi ya kuachishwa isivyo halali haimhusu aliye chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo. Mshahara wa siku ulizofanya kazi ni wako lakini, udai.

Walinilazimisha niandike barua ya kujiuzulu, la sivyo polisi. Nimejimaliza?

Hapana. Mwajiri akifanya kazi isivumilike mpaka ukaacha, sheria inalihesabu hilo kuwa kuachishwa. Ila hapa utaanza wewe kuonyesha kwamba ulilazimishwa, kwa hiyo mashahidi na jumbe ni muhimu kuliko kawaida.

Mimi ni mtumishi wa halmashauri, nianzie CMA?

Usianzie huko. Mtumishi wa umma anatakiwa kwanza amalize njia za rufaa za Sheria ya Utumishi wa Umma, ikiwamo Tume ya Utumishi wa Umma.

Sina hela ya wakili.

Si lazima uwe naye. CMA haitozi ada ya kufungua shauri, na unaweza kujisimamia au kusimamiwa na chama chako. Wa mahotelini na wa majumbani kiulizieni chama chenu cha wafanyakazi, CHODAWU.

Mkuu, nina siku 47 tangu nifukuzwe. Basi tena?

Bado kuna mlango, mwembamba. Jaza fomu CMA F2 ya kuomba kuongezewa muda, uiambatanishe na F1. Utaeleza umechelewa kwa muda gani, kwa nini, na shauri lako lina uzito gani. Kulazwa hospitali, lete vyeti. "Tulikuwa tunaongea na bosi" peke yake huwa haitoshi. Na usingoje Jumatatu ijayo, kila siku unayoongeza nayo utaulizwa.