Kodi ya LST Pennsylvania: namna ya kuhakikisha hukatwi zaidi ya haki

Kama unafanya kazi jimbo la Pennsylvania, Marekani, chukua karatasi yako ya mshahara na utafute herufi LST (Local Services Tax). Hiyo ni kodi ya mji unaofanyia kazi, si ule unaolala. Mji haujipangii tu: sheria ya jimbo, Act 7 ya mwaka 2007, imeweka kikomo cha dola 52 kwa mtu kwa mwaka, hata kama anafanya kazi katika miji mitatu. Shida ni kwamba waajiri wako hawaulizani. Katika karatasi ninazokagua, wanaoumia zaidi ni wenye kazi mbili.

Hatua ya 1: Tazama kiasi

Mji unaotoza zaidi ya dola 10 kwa mwaka lazima ugawanye makato kwa vipindi vya malipo. Kwa kodi ya dola 52, ukilipwa kila wiki, unakatwa dola 1. Kila wiki mbili, dola 2. Ukianza kazi Julai, unalipia vipindi vilivyobaki tu. Mji wa Harrisburg ni tofauti: kutokana na matatizo yake ya fedha uliruhusiwa kutoza hadi dola 156, kwa hiyo dola 3 kwa wiki pale huenda si kosa.

Hatua ya 2: Una kazi mbili? Peleka ushahidi

Mpe mwajiri wa pili nakala ya karatasi ya mshahara ya karibuni kutoka kazi yako kuu. Ionyeshe jina la mwajiri, urefu wa kipindi cha malipo na LST iliyokatwa. Ambatisha maelezo yako kwamba hiyo ndiyo kazi kuu, na kwamba ikibadilika utamjulisha ndani ya wiki mbili. Akishapokea hayo, hapaswi kukukata. Usimwambie kwa mdomo tu; mpe karatasi, ubaki na nakala.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya kipato chako mji kwa mji

Hapa ndipo wengi wanapoteza haki yao. Mji unaotoza zaidi ya dola 10 lazima umsamehe mtu ambaye kipato chake cha kazi *ndani ya mji huo* hakifiki dola 12,000 kwa mwaka. Tuseme unapata dola 9,000 ukisafisha ofisi mji mmoja, na dola 8,000 ukihudumia wazee mji wa jirani. Jumla ni 17,000, lakini hakuna mji uliofikia 12,000, kwa hiyo unaweza kuomba msamaha kote kuwili.

Fomu ya msamaha hujazwa kila mwaka. Nakala moja inakwenda kwa mwajiri, nyingine kwa mji, pamoja na karatasi za mwisho za mshahara au W-2 (fomu ya mwaka ya mshahara na makato anayokupa mwajiri) za mwaka uliotangulia za kazi zako ndani ya mji huo. Kumbuka: ukivuka 12,000 katikati ya mwaka, mwajiri atakata kwa mkupuo kile ambacho hakikukatwa. Hilo ni halali, kwa hiyo jiwekee akiba kidogo.

Hatua ya 4: Dai kilichozidi

Mwaka ukiisha, jumlisha LST kwenye W-2 zako zote. Mara nyingi iko kisanduku cha 14. Ikizidi dola 52 (na hukufanya kazi Harrisburg), au kama ulistahili msamaha ukakatwa, omba marejesho kwa mji uliopokea fedha au mkusanyaji wake wa kodi. Ambatisha W-2 zote, si ya kazi moja.