Kumulika njia ya kutoka chuo hadi geto

Mitaa inayopakana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kama Changanyikeni na Msewe, mchana ina msongamano wa watu. Usiku, diskasheni zikiisha, njia zinabaki na mbwa. Wengi hukimbilia kuajiri mlinzi. Anzeni na njia yenyewe, maana mlinzi aliye gizani haoni zaidi yenu.

Kusanyikeni watu sita: wanachuo wawili, mmoja wao msichana anayerudi usiku mara kwa mara, mwenye nyumba, bodaboda wa kijiwe cha karibu, mama wa genge na mjumbe wa serikali ya mtaa. Usiku usio na mbalamwezi, kati ya saa tatu na saa tano, tembeeni kutoka geti la chuo hadi nyumba ya mwisho, tochi za simu zikiwa zimezimwa. Kila mita 20 simameni. Mmoja atangulie hatua kumi na tano kisha ageuke. Msipotambua sura yake, wekeni alama. Andikeni pia mapagale, vichaka vinavyofika kifuani, mitaro isiyofunikwa na vichochoro visivyo na pa kutokea. Zoezi hili halifai mchana: pagale mchana ni nyumba inayosubiri bati tu.

Kwa nguzo za barabarani, andikeni barua kwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kupitia mtendaji wa mtaa. Majibu yakisubiriwa, tumieni kuta. Balbu ya LED ya wati 10 inayowaka kwa saa 12 kila usiku hula uniti 3.6 za LUKU kwa mwezi. Mwonyesheni mwenye nyumba hesabu hiyo kabla hamjamwomba. Ifungwe nje ya ukuta, mita 3 kutoka chini, ikiangalia chini kwenye njia. Ikielekezwa mbele itawapofusha wapita njia na kuzidisha giza lililo nyuma yake. Inayofuata iwe mita 10 hadi 12 mbele. Wekeni swichi ya sensa ya mwanga, kwa kuwa taa inayomtegemea mpangaji kuiwasha itazimika siku akisafiri.

Pasipo na ukuta, sola. Wati zilizoandikwa kwenye boksi la taa ya bei poa msiziamini: nunueni moja, muiache wiki mbili, mkaitazame saa kumi alfajiri kama bado inawaka, ndipo mnunue nyingine. Paneli iangalie kaskazini, kwa kuwa Dar iko kusini mwa ikweta, na iinamishwe digrii 10 hadi 15 ili mvua ioshe vumbi. Chini ya mwembe haitachaji. Nguzo isipungue mita 4, la sivyo betri itaondoka na wenyewe.

Ua wa mimea ushushwe hadi mita 1, matawi yaondolewe mpaka mita 2 kwenda juu. Pagale ni gumu zaidi, maana mwenyewe hayupo. Ofisi ya mtaa mara nyingi inamfahamu. Ombeni kibali chake cha maandishi cha kuziba milango na madirisha kwa mabanzi. Asipopatikana, mulikeni mlango huo kutoka ukuta wa jirani. Kijiwe cha boda na banda la chipsi visogezwe penye alama nyingi.

Walinzi wa ulinzi shirikishi wapitishwe na mkutano mkuu wa mtaa, na polisi kata awe na majina yao. Mitaa mingi hukwama kwenye fedha: mchango hukusanywa mlango kwa mlango, wanachuo wanatoa bumu (pesa ya mkopo ya kujikimu) likitoka, Julai wanafunga mabegi, walinzi wanakaa bila malipo mpaka Oktoba. Dawa yake ni kuuingiza mchango kwenye kodi ya pango. Nyumba ya vyumba 8, kwa shilingi 2,000 kila chumba, inakabidhi 16,000 kila mwezi, watu wawepo wasiwepo. Stakabadhi itolewe, na matumizi yabandikwe ubaoni. Mwanachuo mpangaji aliyetimiza miaka 18 ni mkazi, ana haki ya kukaa kwenye mkutano huo na kuhoji. Saa ya kuzima sabufa na siku ya gari la taka zikubaliwe hapohapo.

Mwisho, pakeni namba kwa rangi chini ya kila taa, na kwenye kila geti andikeni 112 ya polisi na 114 ya zimamoto. Mgeni wa mwaka wa kwanza hajui jina la kichochoro, ila anaweza kusoma “taa namba 7”. Fundi naye ataelekezwa kwa namba hiyohiyo. Matembezi ya usiku yarudiwe Novemba, wapangaji wapya wakishahamia.