Umejifunga kamba ya kuzuia kuanguka, sawa. Umejifunga wapi?

Kijana niliyekuwa naye juu ya paa alitundika ndoano yake kwenye bomba la maji, akalivuta kwa mikono miwili, akanigeukia: "Fundi, hili halitingishiki." Nikatoa chaki nikampigia hesabu juu ya bomba lenyewe.

Mtu na zana zake, kilo 100. Akianguka mita 1.8, kisha kamba isiyonyumbuka imsimamishe ndani ya sentimita 10, nguvu ya wastani inakaribia kilonyutoni 19. Ni kama uzito wa tani mbili kasoro, tena ghafla. Mtu huyohuyo akisimama taratibu ndani ya mita 1, haifiki hata kilonyutoni 3. Ile pochi iliyoshonwa kwenye kamba, kifyonza mshtuko, kazi yake ni hiyo: mishono inaachia kidogokidogo, nawe unapunguziwa kishindo. Ukiikuta imeanza kufumuka, itupe. Usiishone.

Kanuni za OSHA, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, zinataka mahali pa kujifunga pahimili kilonyutoni 22.2 kwa kila mtu, au mfumo ubuniwe na mtaalamu kwa nguvu mara mbili ya inayotarajiwa. Wawili mahali pamoja? Zidisha. Kwa hiyo tafuta boriti kuu ya chuma au nondo maalumu iliyozikwa kwenye zege, uzungushie mkanda wa kutundikia ndoano, na kona kali uziwekee kinga. Reli ya ngazi, mfereji wa paa, bomba la nyaya za umeme: achana navyo, hata vikionekana vigumu kama jiwe.

Halafu funga juu ya kichwa. Kamba ya mita 1.8 ukiifunga usawa wa nyayo, na pete ya mgongoni, ile ya mkanda uliovaa mwilini, iko mita 1.5 juu yake, utaanguka mita 3.3 kabla haijakaza. Usifunge pembeni sana pia. Utabembea ujigonge ukutani.

Mwisho, pima nafasi ya chini kuanzia kwenye ndoano: kamba 1.8, kifyonza kikifunguka 1.1, pete hadi nyayo 1.5, akiba 1. Jumla mita 5.4. Siku ile boriti tuliipata, ila chini yake palikuwa na mita 4 tu hadi sakafu. Tukaachana na kamba ile, tukapandisha kifaa cha kamba inayojikunja yenyewe na kukwama mara moja ikivutwa kwa kasi.