Kumfundisha mwanafunzi mpya kuimba taarab: kwa walimu wa sauti wa vyuo vya muziki vya mtaani

Chuo cha muziki cha mtaani hakichagui sauti. Darasa moja la jioni linaweza kuwa na mtoto wa miaka tisa aliyezoea kasida, kijana anayebalehe, mwalimu wa shule ya msingi ambaye koo limemkauka tangu asubuhi, na mama mtu mzima ambaye hajawahi kuimba mbele ya watu. Ndivyo ilivyo katika vyuo kama Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi cha Unguja, kinachofundisha taarab na muziki mwingine tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwongozo huu ni wa mwalimu anayepokewa na darasa la namna hiyo. Ashike jambo moja kabla ya yote: wimbo ndio unaohamishwa ufuate sauti ya mtu. Sauti ikilazimishwa kuufuata wimbo, mwanafunzi atakaza shingo, atazoea kukaza, na tabia hiyo ni ngumu sana kuitoa baadaye.

Pima sauti kabla ya kugawa wimbo

Usianze kwa kumwambia aimbe anachokijua, maana atamuiga mwimbaji anayempenda. Mwambie ahesabu moja hadi kumi kwa sauti yake ya kawaida ya kuzungumza. Sikiliza sauti inatulia wapi, itafute noti hiyo kwenye kinanda, kisha anzia hapo. Mwimbishe do re mi re do kwa silabi "nu", ukipanda nusu toni moja (noti jirani kabisa kwenye kinanda) kila mara. Simama pale kidevu kinapoanza kuinuka au mishipa ya shingo inapojitokeza. Rudi ulipoanzia, ushuke vivyo hivyo mpaka sauti ibaki upepo mtupu.

Andika noti mbili kwa kila upande: ile ya mwisho anayoifikia, na ile ya mwisho anayoiimba kwa raha. Ya kufanyia kazi ni ya raha. Mwanamke anayeanza mara nyingi atakuwa na raha kutoka A iliyo chini ya C ya kati (C iliyo katikati ya kinanda) hadi A inayofuata juu yake. Mwanamume ataanzia A ya oktava moja chini zaidi na kuishia C ya kati au D. Mtoto wa chini ya miaka kumi msimamishe kati ya D iliyo juu ya C ya kati na C inayofuata, na usimkubalie apige kelele kwa sauti ya kifua kupita hapo, hata kama wazazi wanashangilia.

Ukishajua eneo lake, zungumza na wapigaji. Kinanda kinahamisha ufunguo (noti ya nyumbani ya wimbo) kwa kubonyeza kitufe, lakini udi (ala ya nyuzi inayodonolewa) na fidla vinapenda D, G na A kwa kuwa vina nyuzi wazi zenye noti hizo, na mpiga ganuni (ala bapa ya nyuzi nyingi) ana vijiti vya kugeuza kwenye kila kundi la nyuzi. Kuwaomba washushe wimbo kwa nusu toni ni kuwaharibia kazi. Omba uhamie kwenye ufunguo ulio jirani ambao na wao wanaumudu, kwa mfano kutoka A kwenda G.

Anayeimba nje ya noti

Watu husema haraka kwamba fulani hana sikio. Mara nyingi sikio lipo. Kinachokosekana ni njia kati ya sikio na koo. Badala ya kumpigia noti aifuate, mfuate wewe: mwambie atoe "ee" ndefu popote anapotaka, uitafute, uiimbe pamoja naye kwa sekunde chache ili asikie sauti mbili zinavyokuwa moja. Kisha pandeni hatua moja, mrudi. Hatua mbili, mrudi. Baada ya hapo mfanyishe mteremko wa sauti kutoka juu hadi chini bila kukata, ili ajue kwamba koo linaweza kusafiri.

Kuna kosa ambalo ni la mwalimu mwenyewe. Mwalimu mwanamume akiwaimbia watoto kwa sauti yake nzito, watoto wanaitafuta noti ile ile kule chini isikofikika, wananguruma, na wanaandikwa kuwa hawawezi. Waonyeshe kwa sauti nyembamba, au kwa fidla, au umpe mwanafunzi wa kike anayejua aongoze.

Pumzi hufuata mizani

Nyimbo nyingi za taarab zina mishororo ya mizani (silabi) kumi na sita, nane za ukwapi (nusu ya kwanza) na nane za utao (nusu ya pili), na hapo katikati ndipo pa kuvuta pumzi. Chukua mshororo huu wa mazoezi:

Nimekuja mlangoni, / nifungulie mpenzi

Mwambie achore mkwaju kwa penseli penye kituo. Anayeanza na apumue hapo kila mara. Akishaiva ndipo ajaribu kuvuka. Asichoruhusiwa ni kukata "nifungu" akavuta hewa kisha akamalizia "lie". Msikilizaji wa taarab anasikiliza maneno kwanza, na neno likivunjika fumbo nalo limepotea.

Mshororo huo huo unaonyesha tatizo la pili. "M" ya "mlangoni" na "m" ya "mpenzi" ni mizani kamili, kwa hiyo kila moja inastahili noti yake, midomo ikiwa imefungwa na sauti ikipitia puani. Wengine wanaongeza irabu, likawa "mulangoni". Wengine wanaimeza, "mpe" ikawa mizani moja, halafu wanajikuta na noti moja isiyo na mwenyewe na kuijaza kwa kuvuta "nziii". Dawa yake ni kughani mshororo kwa kupiga makofi, kofi moja kwa kila mizani, mpaka yatimie kumi na sita bila kusita. Kuimba kunafuata baadaye. Hapo hapo kagua dh, th, gh na h: "zahabu" badala ya "dhahabu" husikika mpaka safu ya nyuma.

Zoezi la pumzi lenyewe ni fupi. Mwanafunzi alale chali kwenye mkeka, daftari juu ya tumbo. Avute hewa kwa pua kwa hesabu nne, daftari lipande, mabega yatulie. Aitoe kwa "sss" nyembamba iliyo sawa kwa hesabu kumi na mbili, metronomu (kifaa cha kupiga mapigo) ikiwa kwenye mapigo 60 kwa dakika. Akizimudu bila kutetemeka, mpeleke kumi na sita, kisha ishirini. Anayeishia hesabu ya saba kwa kawaida hakukosa hewa: ameitoa yote mwanzoni. Mwekee kiganja mbele ya mdomo, asikie upepo, aupunguze. Yule anayejaza kifua mpaka mabega yanapanda mwambie avute robo tatu tu, kwa sababu hewa iliyozidi husukuma kutoka na koo linalazimika kukaza ili kuizuia.

Watoto waliosoma Kurani madrasani kwa tajwidi (kanuni za kuisoma kwa matamshi sahihi) huja na pumzi ndefu na matamshi safi. Kisomo hicho si wimbo na kisifundishwe kama wimbo, ila mwalimu asipoteze muda kuwafundisha wanachokijua tayari.

Mrija na chupa

Kupasha sauti kunatosha kwa dakika nane, na zoezi tunaloliamini zaidi ni la mrija. Tia maji kwenye chupa, tumbukiza mrija wa soda kina cha sentimita mbili au tatu, kila mtu na wake. Atoe sauti kupitia mrija, maji yakitoa mapovu mfululizo, kwanza kwenye noti moja, kisha mteremko wa juu hadi chini, kisha lahani ya wimbo wenyewe. Dakika mbili, apumzike, dakika mbili tena. Maji yanaizuia hewa kidogo, na msukumo unaorudi nyuma unazisaidia nyuzi za sauti zikutane kwa ulaini. Mashavu yakivimba kidogo ni sawa. Hewa ikitoka puani zoezi halifanyi kazi. Abane pua ajihakikishe. Ukizamisha mrija zaidi ya sentimita kumi, anayeanza ataanza kusukuma kwa nguvu, na hapo umeharibu kile ulichokuwa unakitengeneza.

Maqamu kwa sikio, kinanda kando

Maqamu ni ngazi za noti za muziki wa Kiarabu, na hapa ndipo panapohitaji subira nyingi kuliko kwingine kote. Anza na Nahawand, ambayo kinanda kinaiweza, kisha Hijaz. Ukifika Bayati, funga kinanda. Bayati ya D ina noti ya pili iliyo kati ya E bapa (E iliyoshushwa nusu toni) na E ya kawaida, na kinanda cha kawaida hakina noti hiyo. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa kinanda ataivuta upande mmoja: akiishusha mpaka E bapa ameingia Kurd, akiipandisha mpaka E kamili ameingia Nahawand. Vyote viwili ni muziki mzuri, lakini si wimbo uliompa.

Mpe mpiga udi ashikilie D. Mwanafunzi apande D, ile E ya kati, F, G, na arudi, polepole, kwa "aa". Fidla imfuate kwenye noti ya pili peke yake mpaka aikalie bila kuyumba. Dakika tano kila somo, kwa wiki kadhaa, zinazaa zaidi kuliko saa nzima ya siku moja. Asikilize pia rekodi za zamani. Za Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, zina mikwaruzo lakini noti za kati zinasikika.

Mapambo (noti ndogo za kupamba lahani) yasubiri mpaka noti zenyewe zikae. Yakija, yafundishwe kwa metronomu kwenye 60, noti mbili kwa pigo, kisha nne. Taya likitikisika kwa kila noti, mwambie ashike kidevu kwa vidole viwili na arudie kwa mwendo wa chini.

Kijana anayebalehe asifukuzwe

Kati ya miaka kumi na miwili na kumi na mitano sauti ya mvulana inashuka na kukatika bila taarifa. Mpime upya kila mwezi, mpe kiitikio chenye noti tano au sita zinazokaa, na umwambie waziwazi kwamba hali hiyo itapita. Wengi wanaoacha kuimba huachia hapo kwa sababu ya kuchekwa.

Kipaza sauti

Mwanafunzi asipewe kipaza sauti kabla wimbo haujasikika vizuri chumbani bila umeme. Akikipata, akiweke vidole vinne kutoka mdomoni, chini kidogo ya midomo ili "p" na "b" zisipige. Spika moja imwelekee yeye. Mwimbaji asiyejisikia hupandisha sauti bila kujua, na usiku mmoja wa harusi namna hiyo unatosha kumfanya aamke hana sauti.

Koo na ratiba

Tangawizi na asali huliwaza koo, lakini kinachomezwa hakigusi nyuzi za sauti. Faida ni ya maji yanayonywewa kidogo kidogo siku nzima. Sauti ikikwaruza, mwanafunzi apumzike kwa kunyamaza. Asinong'one kwa kujikaza, maana kunong'ona kwa namna hiyo nako kunachosha. Ikwaruzapo zaidi ya wiki mbili au tatu, aende kwa daktari wa masikio, pua na koo. Akitema damu, au akipata shida ya kupumua au kumeza, aende siku hiyo hiyo.

Mwezi wa Ramadhani panga upya. Mchana mtu hana maji mwilini, kwa hiyo somo liwe la kughani, kusikiliza, kupiga makofi na kuchambua maneno ya nyimbo.

Mwalimu naye ana koo. Anayeimba pamoja na wanafunzi kila mshororo, madarasa manne kwa siku, ataanza kupoteza noti za juu kimyakimya, na isitoshe hatawasikia. Onyesha mara moja, nyamaza, waimbe wao, uandike ulichokisikia kwenye daftari la kila mmoja kabla hajatoka mlangoni.