Elementi, kampaundi au mchanganyiko? Namna ya kuipanga maada

Mwanafunzi wa skuli akipewa kitu akipange, hukitizama rangi. Rangi haisaidii. Uliza kinatenganika vipi.

Hatua ya 1. Je, kina tungamo na kinachukua nafasi? Mchanga, maji na hewa ni maada. Mwanga na sauti si maada. Hapa hapana kazi, tuendelee.

Hatua ya 2. Jaribu kuchuja, kukausha, kukeneka (kuchemsha na kuupoza mvuke uwe majimaji tena), au sumaku. Kikitengana, ni mchanganyiko. Maji ya bahari ukiyachuja, chumvi inapita nayo. Lakini wazalishaji wa chumvi Pemba huyaacha juani, maji yakaruka, chumvi ikabaki, takriban gramu 35 kwa lita. Huo ni mchanganyiko sare, kila tone ni sawa na jingine. Tui ndilo linalowaponza wengi kwenye mtihani. Jeupe kote, ukadhani ni sare. Liache kwenye bakuli: mafuta hupanda juu, majimaji hubaki chini. Yalikuwa matone madogo mno ya mafuta yaliyotawanyika majini. Si sare.

Hatua ya 3. Kisichotengana hivyo ni maada safi. Kikivunjika kwa kemia, ni kampaundi. Maji yenye asidi kidogo yakipitishwa umeme hutoa haidrojeni na oksijeni, ujazo wa haidrojeni ukiwa mara mbili. Shaba haivunjiki hivyo, kwa hiyo ni elementi.

Maswali

*Mwalimu, dhahabu ya karati 22 ni elementi?*
Hapana, hata bibi harusi akikasirika. Sehemu 22 kati ya 24 ni dhahabu, zilizobaki ni metali nyingine kama fedha au shaba. Ni aloi, yaani mchanganyiko sare.

*Na mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu? Pale Wawi, Pemba, yanakenekwa, si yanatoka safi?*
Swali zuri. Mvuke hubeba kila kinachoweza kuruka nao. Sehemu kubwa ni yujenoli, C₁₀H₁₂O₂, ambayo ni kampaundi, lakini imo pamoja na kampaundi nyingine. Kwa hiyo mafuta yenyewe ni mchanganyiko. Ukiyatia majini huzama, tofauti na mafuta ya nazi.

*Glasi ya maji safi yenye barafu, je? Mie naona vitu viwili.*
Unaona hali mbili za kampaundi moja. Usiandike mchanganyiko, ila kama umeshatia ndimu na sukari.