Namna ya kuandika ahadi ya OGP itakayofungua takwimu za zabuni za kaunti

Ubia wa Serikali Wazi, ambao wengi wanaujua kwa herufi zake OGP, ulizinduliwa Septemba 2011 na nchi 8, Afrika Kusini ikiwamo. Kenya na Tanzania zilijiunga mwaka huohuo. Mwaka 2016 mlango ukafunguliwa kwa serikali za ngazi ya chini, na kati ya 15 za kwanza zilikuwamo Elgeyo Marakwet na Kigoma Ujiji. Makueni ilifuata 2020. Kila mwanachama hufanya kazi kwa mpango wa utekelezaji, na mpango huo hubeba ahadi zinazoandikwa na serikali pamoja na mashirika ya kiraia. Mwongozo huu unawahusu wanaharakati na maafisa wa kaunti za Kenya wanaotaka ahadi moja tu itimie: kila mwananchi aweze kuona nani kapewa zabuni gani, kwa shilingi ngapi.

Sheria ya nyumbani kwanza

Tanzania ilijitoa OGP mwaka 2017, na ahadi zake za kimataifa zikakosa pa kushikia. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayompa ofisa siku 30 kujibu maombi, ilibaki. Kwa hiyo kila ahadi ya OGP ifungeni kwenye kifungu cha sheria, ili mwanachama akiondoka wajibu usiondoke naye.

Kwa Kenya mna pa kutosha pa kushika. Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya habari. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Kupata Habari ya 2016 kinaitaka taasisi ya umma ikishatia saini mkataba ichapishe kazi yenyewe, kiasi cha fedha, jina la mkandarasi na muda wa kukamilisha, bila kusubiri kuombwa. Agizo la Rais namba 2 la 2018 likaongeza kwamba kuanzia Julai 1, 2018 taasisi zote za umma zichapishe maelezo kamili ya zabuni na washindi wake.

Kabla ya kuingia kikaoni kuandika ahadi, andikeni ombi la habari. Sheria inaruhusu Kiswahili au Kiingereza, na hamlazimiki kutoa sababu. Barua iwe fupi: "Naomba orodha ya mikataba yote iliyotiwa saini na kaunti kati ya Julai 1, 2024 na Juni 30, 2025, katika jedwali la Excel au CSV, si picha wala PDF." CSV ni faili la jedwali la maandishi matupu, linalofunguka kwa programu yoyote ya majedwali. Msipotaja aina ya faili mtapewa karatasi zilizoskaniwa, na mtazitumia wiki nzima kuziandika upya. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, kwa sababu siku 21 za kujibu zinahesabiwa kutoka hapo. Ofisi inaweza kujiongezea siku 14, mara moja tu. Ikinyamaza, sheria inahesabu kwamba imekataa, nanyi mna siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Ombudsman, tume inayopokea malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za umma.

Faida ya ombi hili ni kujua kaunti ina nini mkononi. Ahadi nyingi hukwama kwa sababu ziliahidi kufungua takwimu ambazo hakuna aliyekuwa akizikusanya.

Faili lenyewe

Kaeni na afisa wa ununuzi mkubaliane safu za jedwali. Hizi 12 zinatosha kuanzia: namba ya zabuni, maelezo ya kazi, wadi, njia ya ununuzi, tarehe ya tangazo, idadi ya walioomba, jina la mkandarasi, namba ya usajili wa kampuni, kiasi cha mkataba, sarafu, tarehe ya kusaini na tarehe ya kukamilika. Safu ya wadi isiachwe, maana hiyo ndiyo mwananchi anayoitafuta kwanza. Idadi ya walioomba nayo huonyesha kazi zinazopewa mwombaji mmoja mara kwa mara.

Makosa yanajirudia kaunti hadi kaunti. Kiasi kinaandikwa "KSh. 4,250,000/=" na kompyuta inakisoma kama maneno, haiwezi kujumlisha. Kiwe 4250000, na KES ikae kwenye safu ya sarafu. Tarehe 03/04/2025 mmoja anaisoma Aprili 3, mwingine Machi 4. Andikeni 2025-04-03. Namba ya zabuni kama 007 ikifunguliwa kwenye Excel inabaki 7, hivyo safu hiyo ipangwe kuwa maandishi kabla ya kuingiza chochote. Seli zilizounganishwa na vichwa vya rangi katikati ya jedwali viondolewe: mstari mmoja, mkataba mmoja.

Jina la mkandarasi ndilo lenye taabu kubwa. Kampuni moja huandikwa "Ltd" hapa, "Limited" pale, na kwingine herufi imerukwa, basi ukijumlisha mikataba yake unapata kampuni tatu ndogo badala ya moja kubwa. Namba ya usajili inamaliza tatizo hilo.

Namba za simu na za vitambulisho vya wakurugenzi ziondolewe, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawalinda. Ila msikubali sheria hiyo itumike kuficha jina la kampuni au bei. Fedha ni za umma.

Faili lihifadhiwe kama CSV ya UTF-8 (mfumo wa herufi unaosomwa na karibu kila kompyuta), liwe na leseni iliyoandikwa wazi (CC BY 4.0, inayomruhusu yeyote kulitumia mradi ataje chanzo, inafaa), na anwani yake ya wavuti isibadilike.

Maneno ya ahadi

Rasimu ya kwanza karibu kila mara husema: "Kaunti itaimarisha uwazi katika ununuzi wa umma kwa kushirikiana na wadau." Sentensi hii haiwezi kushindwa, kwa hiyo haiwezi kutimia. Kuimarisha, kuhamasisha na kuboresha ni vitenzi vya kuogopwa. Jiulizeni: siku gani, nani akifungua kompyuta, ataona nini?

Andikeni hivi: "Ndani ya siku 15 baada ya kila robo mwaka kuisha, Idara ya Ununuzi itapakia kwenye tovuti ya kaunti faili la CSV la mikataba yote iliyotiwa saini katika robo hiyo, lenye safu 12 za Kiambatisho A. Faili la kwanza litahusu Julai hadi Septemba 2026 na litapakiwa kufikia Oktoba 15, 2026. Mafaili ya zamani hayatafutwa." Chini yake kiwekwe cheo cha mwenye wajibu na fungu la bajeti. Ratiba ifuate mwaka wa fedha, Julai hadi Juni, la sivyo kazi itaanguka wakati idara imezama katika kufunga vitabu.

Msaada wa nje ya mipaka

Hapa ushirikiano wa kimataifa unakuwa na uzito wake. OCDS ni kiwango cha pamoja cha takwimu za mikataba, kinachosimamiwa na Open Contracting Partnership. Kinafuata kazi moja kupitia hatua 5: mpango, zabuni, uteuzi wa mshindi, mkataba na utekelezaji. Kila mchakato hupewa kitambulisho kimoja, ocid, kinachoanza na kiambishi ambacho mchapishaji huomba kwa dawati lao la msaada, bila malipo. Ombeni mapema, ila msikimbilie OCDS kabla jedwali la safu 12 halijatoka robo mbili mfululizo bila kukosa.

Makueni imeshachapisha mikataba yake kwa OCDS. Ukraine ina ProZorro, mfumo wa ununuzi ambao programu yake ni huria, na pembeni yake Dozorro, ambako wananchi huripoti zabuni zenye shaka. Mkipanga ziara au kikao cha mtandaoni na wenzenu hawa, mleteni karani anayeingiza takwimu, msiwapeleke wakubwa peke yao. Ombeni muone jedwali lao tupu na maelekezo wanayompa karani wao. Hotuba hazitawasaidia Jumatatu asubuhi.

Baada ya kusaini

Mipango ya kitaifa hukaguliwa na chombo huru cha OGP, IRM. Kwa kaunti, mfumo wa sasa unatumia chombo cha ufuatiliaji cha hapohapo, hivyo mteueni mtu asiyelipwa na ofisi ya gavana. Viwango vya OGP vinataka jukwaa la wadau, yaani kikao cha serikali na mashirika ya kiraia, likutane angalau kila miezi 6. Ombeni iwe kila robo, wiki moja baada ya tarehe ya kupakia faili, na ajenda ya kwanza iwe kulifungua faili ukutani kwa projekta, kuchagua mikataba mitatu ya wadi tofauti na kuilinganisha na hati zake. Faili lisipokuwepo, barua ya ombi la habari iandikwe palepale kikaoni, itiwe saini, na ipelekwe masjala kabla ofisi hazijafungwa.